Anatekwa au Anashikwa? Mwanamke wa Mchoro wa Kolo katika Mkono wa Mary Leakey na katika Kitenzi cha Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu mchoro mmoja, mchoraji mmoja na kitenzi kimoja. Mchoro ni ule wa watu watano uliomo chini ya mwamba huko Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa, katika uwanda wa juu wa kati wa Tanzania. Mchoraji ni Mary Leakey (1913–1996), ambaye wasomaji wengi wanamfahamu kwa fuvu la Zinjanthropus alilolipata Olduvai mwaka 1959 na kwa nyayo za Laetoli zilizofukuliwa na timu yake mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini ambaye aliingia katika taaluma akiwa na kalamu ya kuchorea mkononi. Kitenzi ni kuteka, hasa katika kauli yake ya kutendwa: kutekwa.

Tunapojadili jinsi wanawake wachoraji wanavyomchora mwanamke, kwa kawaida hutazama mistari, rangi na umbo: kiuno kimechorwaje, macho yanatazama wapi, mikono inafanya nini. Mtazamo huo ni wa haki, wala makala haya hayakusudii kuupinga. Yanadai tu kwamba upo mchoro ambao mwanamke wake hakukamilishwa na mstari bali na maneno yaliyowekwa chini yake, na kwamba maneno hayo yalipohamishiwa katika Kiswahili yalimbebesha hali ambayo mwamba wenyewe haukuitamka.

Ni vyema nikiri mapema kuwa nina deni katika jambo hili. Kwa miaka mingi, katika somo la tafsiri, niliwagawia wanafunzi nakala ya mchoro wa Kolo ikiwa na maelezo niliyoyaandika mwenyewe: "Mwanamke anatekwa." Nilikuwa nimeyatafsiri kutoka jina ambalo mchoro huo umezoeleka kuitwa kwa Kiingereza, nami nilijivunia ufupi wake. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuyahoji maelezo hayo. Yalihojiwa Hombolo, tena na watu ambao hawakuwa na haja yoyote na somo la tafsiri.

2. Mkono ulionakili

Michoro ya miambani ya Kondoa imetapakaa katika mapango na chini ya miamba iliyochomoza kwenye miteremko inayopakana na Bonde la Ufa. Iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Iliyo mingi kati ya ile ya kale imechorwa kwa ngeu, yaani udongo mwekundu, na huhusishwa na jamii za wawindaji na waokota matunda; ile nyeupe, ambayo aghalabu imechorwa juu ya ile nyekundu, ni ya baadaye na huhusishwa na wakulima. Mahali penyewe hapajafa. Warangi wa Kolo wameendelea kufanya matambiko katika miamba hiyo, ya mvua na ya uponyaji, na pombe ya nafaka humwagwa kwenye mawe yale yale ambayo mtalii huambiwa asiyaguse.

Nani aliyemchora kwa mara ya kwanza mtu wa katikati wa Kolo, mwanamke au mwanamume, hatutaulizana hapa. Mchoro tunaoujua sisi wa vitabuni na wa darasani umetufikia kwa mkono mwingine, nao ni wa mwanamke. Mary Nicol alizaliwa London, binti wa Erskine Nicol, mchoraji wa mandhari aliyekuwa akisafiri na familia yake huku na huko barani Ulaya. Utotoni, kule Ufaransa, alipelekwa kuona pango la Pech Merle lenye michoro ya kale. Shule hazikumkalia vizuri. Alifukuzwa katika shule za watawa, na hakupata kuhitimu shahada ya chuo kikuu isipokuwa zile za heshima alizotunukiwa baadaye. Mlango aliouingilia ulikuwa wa uchoraji. Alimchorea Gertrude Caton-Thompson zana za mawe kwa ajili ya kitabu chake kuhusu Fayum ya Misri, kilichotoka mwaka 1934. Kwa njia hiyo alikutana na Louis Leakey, akamchorea naye kitabu, na hatimaye wakaoana mwaka 1936.

Msomaji aiangalie kazi hiyo kwa jicho la aliyewahi kuifanya. Mchoraji wa vitabu vya akiolojia hatakiwi kuonekana. Jiwe analolichora ni la mtu mwingine, hoja ni ya mtu mwingine, na akifanikiwa kabisa msomaji hudhani kwamba ameliona jiwe lenyewe. Kiswahili kina neno linalofaa hapa, kunakili, na neno hilo lina unyenyekevu wa uongo ndani yake. Linatuahidi kwamba kilichotoka ndicho kilichoingia.

Mary Leakey aliiona michoro ya Kondoa mwaka 1935. Mwaka 1951 alirudi kwa miezi kadhaa kuinakili, akanakili takriban taswira 1,600. Alibandika karatasi angavu juu ya mwamba, akafuata mistari, kisha baadaye akaichora upya kwa kipimo kidogo na kuitia rangi. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa mwaka 1983, yaani miaka zaidi ya thelathini baada ya karatasi zile kutoka mwambani. Yeye mwenyewe aliihesabu kazi ya Kondoa miongoni mwa zile zilizomridhisha zaidi maishani, na ukizitazama nakala zake huna sababu ya kumshuku. Mistari yake ni safi, yenye subira, haina makeke.

Hata hivyo, anayenakili huchagua. Mwambani, taswira hulaliana: mguu wa mtu hupita juu ya mgongo wa swala, nyeupe hufunika nyekundu, ufa wa jiwe hukata kiwiliwili mahali ambapo huenda mchoraji wa kwanza aliutaka ufa huo. Karatasini watu watano wa Kolo wamesimama peke yao katika weupe. Jiwe limeondoka. Waliobaki ni watu wembamba, warefu kupita kiasi, na mmoja wao yuko katikati, wawili kila upande. Mikono ya huyu wa katikati imenyooka na kushikwa. Wawili wa kulia wana vichwa ambavyo Leakey aliviona kuwa vimevaa vinyago. Wawili wa kushoto hawana. Huyu wa katikati alimtambua kuwa mwanamke. Na hapo kisa kikapatikana: wenye vinyago wanataka kumchukua, wasio na vinyago wanamzuia asiende.

Ni kisa chepesi kukumbuka, na ndiyo maana kimeshika. Tena si kigeni kwa jicho lililolelewa na sanaa ya Ulaya. Kisa cha Warumi kuwanyakua wanawake wa Wasabini kimechorwa na Rubens na Poussin, na kimechongwa na Giambologna katika sanamu ya mwaka 1583 iliyoko Florence. Mtoto wa mchoraji aliyekulia kati ya Ufaransa na Italia asingeweza kukosa kuyafahamu mapokeo hayo. Sisemi kwamba Mary Leakey aliwafikiria Wasabini akiwa chini ya mwamba wa Kolo, jua la Kondoa likimchoma mgongo. Nasema tu kwamba mkao ule, wa mwanamke katikati na wanaume wanaomgombania pande mbili, ulikuwa na jina tayari kabla karatasi haijabandikwa jiweni.

3. Hombolo: kuteka na kutekwa

Hombolo ni nchi ya Wagogo, kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma. Wasafiri huijua kwa bwawa lake, lililojengwa katika miaka ya 1950, na kwa mizabibu yake. Mwandishi wa makala haya huijua kwa sababu ya ukwe. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumwamkia shangazi wa mke wangu, nami nikiwa na bahasha ya kazi za wanafunzi zilizokuwa hazijasahihishwa. Wanawake wanne walikuwa wameketi uani wakichambua mlenda. Baada ya kuitikiana mbukwa na kuulizana habari za nyumbani, nilijitenga na karatasi zangu. Karatasi ya juu ilikuwa ile ya mchoro wa Kolo, na bibi mmoja wa jirani akaomba kuiona.

"Mjukuu wangu," alisema, "hawa mbona wamekonda hivi? Ni watu wa Mtunya?"

Mtunya ni ile njaa kuu iliyoiteketeza Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya vita vya kwanza kukomba mifugo, nafaka na wapagazi. Hata wasiokuwako huipimia mambo. Nikamjibu kwamba watu hao ni wa zamani zaidi ya hapo, nikamuuliza anaona wanafanya nini. Akaisogeza karatasi mbali na macho kama wafanyavyo wazee.

"Huyu amezidiwa. Wenzake wamemshika asianguke."

Binti aliyekuwa karibu naye aliinama akatazama, akasema huenda ni mwali anachezwa. Hapo nikawasomea maelezo niliyoyaandika chini ya mchoro: Mwanamke anatekwa. Bibi akacheka.

"Mwanamke huteka, mjukuu wangu. Ndoo yake iko wapi?"

Kauli za watu wawili uani si utafiti, nami sizitoi kama ushahidi juu ya mwamba. Nazitoa kama ushahidi juu ya maelezo yangu. Bibi alikuwa ananitania kama mabibi wanavyowatania wajukuu, lakini utani wake ulikuwa na sarufi ndani yake. Kiswahili kina vitenzi viwili vyenye umbo moja: kuteka, yaani kuchota maji, na kuteka, yaani kunyakua kwa nguvu, kama katika kuteka nyara. Katika kile cha kwanza, mwanamke ndiye mtenda wa kawaida. Hombolo utamkuta kila asubuhi njiani akiwa na ndoo kichwani. Katika kile cha pili, akitajwa, hutajwa zaidi katika kauli ya kutendwa. Umbali kati ya vitenzi hivyo viwili katika sentensi yangu ulikuwa kiambishi kimoja tu, -w-, nami nilikuwa nimekipachika bila kukifikiria.

Nimesema bila kukifikiria, na hiyo ndiyo kadhia. Yeyote anayefundisha mnyambuliko wa vitenzi hufika kwenye mfano ule ule: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Orodha haiishii hapo. Mwanamke huposwa, hutolewa mahari, huozwa. Mwali hufundwa, huchezwa, hutolewa nje. Mtu aliyezisikia kauli hizi tangu utotoni, akiona mchoro wa mtu aliyeshikwa mikono na kuambiwa kuwa ni mwanamke, kiambishi -w- humjia chenyewe. Mary Leakey alileta kisa chake cha Ulaya. Mimi nilikipokea kwa mikono miwili kwa sababu sarufi ya mazungumzo yangu ilikuwa imeshakiandalia mahali.

Lakini kauli ya binti yule yafaa itulizwe kidogo. Naye alitumia kutendwa: anachezwa. Katika kuchezwa, mwali hafanyi, anafanyiwa. Ila wanaomfanyia ni kina nani? Ni makungwi, shangazi, bibi, wanawake wenzake, na kushikwa kwake ni sehemu ya kutunzwa kwake. Kwa hiyo si kila kutendwa ni kuonewa. Sarufi hutuambia kwamba mtu anapokea tendo. Haituambii kama mikono iliyomshika ina nia gani. Maelezo yangu yalikuwa na makosa mawili basi, si moja: yalichagua kutendwa, na yalichagua mtenda adui.

4. Mtu asiye na jinsi katika ngeli

Msomaji anaweza kuuliza kama wataalamu wengine walikiona kisa hicho hicho. Hawakukiona. Eric ten Raa, aliyekaa na Wasandawe na kuchapisha makala yake kuhusu michoro ya miambani mwaka 1971, aliihusisha sanaa hiyo na maisha ya ibada ya jamii iliyo hai, ikiwemo ngoma ya simbo, ambamo wachezaji huingiwa na hali isiyo ya kawaida na kuwa simba ili kupambana na uchawi. David Lewis-Williams, katika makala ya mwaka 1986, akilinganisha Kondoa na michoro ya Wasan wa Kusini mwa Afrika, alipendekeza kwamba watu watano wa Kolo waeleweke kwa msingi huo: aliye katikati amepandwa, na walio pembeni wanamhudumia. Imogene Lim, katika tasnifu yake ya mwaka 1992 kuhusu Usandawe, aliisoma michoro pamoja na mahali ilipo na ibada zinazofanyika, miongoni mwazo iyari, inayohusu uzazi wa mapacha. Naye F. T. Masao alikwisha kutoa mwaka 1979 uchunguzi mpana wa michoro ya Tanzania ya kati akiiweka katika muktadha wa akiolojia yake.

Bibi wa Hombolo, ambaye hakuyasoma makala hayo, alifika karibu sana na Lewis-Williams kwa sentensi mbili. Huyu amezidiwa. Wenzake wamemshika asianguke. Kiswahili cha bibi kilikuwa na sifa moja ambayo sikuitambua hadi nilipokuwa njiani kurudi: hakusema mwanamke. Alisema huyu, na wenzake. Hakulazimika kuamua.

Hapa ndipo isimu inapokuwa na neno lake la kusema. Katika Kiswahili, mtu ni wa ngeli ya m-/wa-, na upatanisho wake, a- kwa umoja na wa- kwa wingi, hauoneshi jinsi. Anashikwa ni sahihi kwa mwanamke, mwanamume, mtoto, hata sungura wa hadithini. Chigogo na Kirangi ni hivyo hivyo. Kiingereza nacho chaweza kukwepa kwa muda kikisema umbo au taswira, lakini kikishaanza kusimulia kisa cha kunyakuana, kiwakilishi cha kike au cha kiume hudaiwa mapema, na kikishatajwa hakirudi nyuma. Taswira nyingi za watu huko Kondoa hazina alama ya wazi ya jinsi. Palipo na shaka mwambani, sentensi ya Kiingereza iliimaliza. Na pale ambapo Kiswahili kingeweza kuirudisha shaka hiyo, mimi niliongeza neno mwanamke mwanzoni mwa sentensi, mahali ambapo sarufi haikunidai chochote.

Jambo hili lisichukuliwe kama sifa ya kujivunia lugha za Kibantu. Kisandawe, lugha inayotajwa zaidi kila inapozungumzwa michoro mikongwe ya eneo hilo, hutofautisha jinsi katika viwakilishi vyake vya nafsi ya tatu: hewe kwa wa kiume, hesu kwa wa kike. Kiburunge, ambacho ni cha Kikushi na huzungumzwa jirani, nacho kina jinsi ya kisarufi. Uwanda huu wa kati ni mahali pa ajabu kwa mwanaisimu; ndani ya mwendo wa siku chache kwa miguu unazikuta lugha za Kibantu, za Kikushi, Kidatooga ambacho ni cha Kiniloti, na Kisandawe ambacho wataalamu bado wanavutana kuhusu ndugu zake. Msandawe akiusimulia mchoro wa Kolo kwa lugha yake atapaswa kuchagua, kama Mwingereza. Tofauti ni kwamba atachagua akiwa anaijua simbo.

5. Vitenzi vya wachoraji wengine

Swali linalofuata ni kama hali hii ni ya Kolo tu. Wanawake wengine waliochora wanawake wa Afrika Mashariki waliwapa vitenzi gani? Nitawagusa watatu, na wa kwanza kwa haraka.

Joy Adamson, ambaye umaarufu wake wa simba Elsa umeifunika kazi yake ya brashi, aliajiriwa na serikali ya kikoloni ya Kenya kuzichora jamii za nchi hiyo wakiwa katika mavazi yao, na katika miaka ya mwisho ya 1940 na ya mwanzo ya 1950 alichora picha kwa mamia. Wanawake wake wamesimama au wameketi, shanga zikiwa zimehesabiwa moja moja. Ni kazi ya thamani kwa yeyote anayetafuta mavazi ambayo hayavaliwi tena. Kitenzi chake ni kuvaa. Zaidi ya kuvaa, wanawake hao hawatendi wala hawatendwi.

Rosemary Karuga alizaliwa Kenya mwaka 1928 na akawa mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ya sanaa ya Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baada ya hapo alifundisha shule kwa miongo mingi. Kazi iliyomjulisha kwa ulimwengu aliianza akiwa mtu mzima sana, katika miaka ya 1980, na hakuifanya kwa rangi, kwani rangi ni ghali: alikata vipande vya karatasi za kufungia sabuni na unga, akavigandisha hadi vikawa watu, mifugo na mashamba. Mwanamke wa kijijini katika kazi za Karuga ameundwa na pakiti ya unga aliyoifungua mwenyewe asubuhi. Ana jembe, ana mzigo, ana kuku miguuni. Vitenzi vyake ni vya kauli ya kutenda, na ni vingi. Alifariki mwaka 2021.

Theresa Musoke wa Uganda alisoma Makerere pia, kisha Uingereza na Marekani, akaishi Kenya miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Akiwa Makerere alichora ukutani mwa bweni la wanawake la Mary Stuart mchoro kuhusu uzazi. Mahali penyewe pana maana: wasichana waliokuwa wametumwa na wazazi wao kusoma walipita mbele ya uzazi kila siku wakienda darasani. Kiswahili kina kitenzi cha tendo hili ambacho ningependa wanafunzi wakichunguze zaidi kuliko wanavyokichunguza kuolewa, nacho ni kujifungua. Mtenda na mtendwa ni mtu mmoja, na kiambishi -ji- ndicho kinachowakutanisha. Katika maneno yote ya safari ya mwanamke, kutoka kufundwa hadi kuposwa hadi kuolewa, ni hapa anapofika kwenye maumivu makubwa kuliko yote ndipo sarufi inapomkabidhi tendo lake. Wakunga wamemshika, lakini kitenzi ni chake.

Nikiwaweka wachoraji hawa kando ya Mary Leakey, sioni kwamba wao ni wema na yeye ni mbaya. Yeye alikuwa na kazi ya aina nyingine, ya kufuata mstari wa mtu aliyekwisha kufa, na mstari aliufuata kwa uaminifu. Nakala yake ya Kolo ni bora kuliko maelezo yake ya Kolo. Ukiziba maelezo kwa kiganja na kuitazama nakala peke yake, watu wale watano bado wanaweza kuwa wanacheza, wanatibu, wanazuia, wanasindikiza. Na katika hilo mkono wake ulikuwa mwaminifu kwa mwamba kuliko ulimi wake. Jicho la binti wa mchoraji liliacha wazi kile ambacho mwandishi wa kitabu alikifunga.

6. Maelezo mapya

Muhula uliofuata niliandika upya karatasi ile. Niliwapa wanafunzi mchoro bila maelezo yoyote, nikawataka waandike sentensi moja ya Kiswahili chini yake, kisha wapige mstari chini ya kila kiambishi kinachosema jambo ambalo hawakuliona kwa macho. Lilikuwa zoezi gumu kuliko nilivyotarajia. Karibu kila aliyeanza na neno mwanamke alimalizia na kitenzi cha kutendwa. Walioanza na mtu walitawanyika: anaimba, amelewa, anaagwa, wanashikana.

Wanashikana ilinivutia. Ni kauli ya kutendana, na humwondoa mtu wa katikati katika upweke wake. Wote watano wanakuwa watenda na watendwa kwa pamoja, kama wafanyavyo wanangoma wanaposhikana mikono. Nilifikiri nimepata maelezo yangu. Lakini mikono ya wa mwanzo na wa mwisho katika mstari ule haina wa kumshika upande wa nje, na wa katikati bado yuko katikati; kutendana kunasawazisha kile ambacho mchoraji wa kwanza hakukisawazisha.

Kwa hiyo nikaandika, na nakala hiyo ndiyo niliyoigawa baada ya hapo: "Watu watano. Aliye katikati ameshikwa mikono na wenzake wa pande zote mbili. Kolo, Kondoa. Umenakiliwa kwa mkono wa Mary Leakey." Niliihifadhi kauli ya kutendwa kwa sababu mikono kweli imeshikwa, niliondoa jinsi, utekaji na vinyago. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliinua mkono akauliza neno wenzake nimelitoa wapi, mwambani au Hombolo. Neno hilo nimelifuta.